Alama Nne Nyuma ya Bizimu: Uchambuzi wa Kisa cha Wiener Werkstätte, 1903 hadi 1932

Ushirikiano kati ya sonara, mpiga chapa wa vitambaa na mshonaji wa mikoba huvunjika kwa mambo mawili: jina na hesabu. Nani atajulikana kuwa ndiye mwenye kazi? Na fedha ikiingia, itagawanywaje kati ya aliyekaa wiki nzima na nyundo mkononi na aliyechora ua moja likachapwa kwenye marobota ya kitambaa? Vijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaoanzisha vikundi vya namna hii wanayajua maswali hayo vizuri kuliko mimi. Wengi wana vipaji vya kweli, na inauma kuona kikundi kizuri kikisambaratika kabla hata mkusanyo wa pili haujatoka.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha Vienna, Austria. Nimekichagua kwa sababu kimekamilika: kilianza, kikastawi, kikafilisika, na makaratasi yake yakahifadhiwa, kwa hiyo tunaweza kukifuata hadi mwisho. Kikundi chenyewe kiliitwa Wiener Werkstätte, yaani Karakana ya Vienna. Kilidumu miaka 29, na ndani ya muda huo vito, vitambaa, mavazi na mikoba vilitoka mikononi mwa watu waliokuwa wakionana kila siku.

Waanzilishi walikuwa watatu. Josef Hoffmann alikuwa msanifu majengo mwenye umri wa miaka 32. Koloman Moser, miaka 35, alikuwa mchoraji aliyeweza kubuni karibu kila kitu, kuanzia kioo cha dirisha hadi stempu ya posta. Wote wawili walikuwa walimu katika shule ya sanaa za mikono ya Vienna, jambo litakalokuja kuwa na maana kubwa baadaye, kwa sababu wanafunzi wa shule hiyo ndio waliokuwa mshipa wa damu ya karakana hadi mwisho. Wa tatu, Fritz Waerndorfer, alitoka katika familia tajiri ya viwanda vya nguo. Yeye ndiye aliyetoa mtaji.

Walianza mwaka 1903 katika nyumba ndogo ya kupanga mtaa wa Heumühlgasse, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamehamia jengo kubwa la Neustiftgasse. Mfano waliokuwa nao machoni ulitoka Uingereza: chama cha mafundi kilichoanzishwa na C. R. Ashbee mashariki mwa London mwaka 1888, ambako mafundi waliishi na kufanya kazi kama jumuiya. Chama hicho cha Ashbee kilivunjika takriban miaka minne tu baada ya karakana ya Vienna kufunguliwa. Yaani mwalimu aliwafia wanafunzi wakiwa bado darasani, na sababu iliyomwangusha, kazi ya mkono isiyoweza kushindana na bei ya kiwanda, ilikuwa inawanyemelea na wao pia.

Kufikia 1905 karakana ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100, na kati yao 37 walikuwa mafundi wakuu. Mwaka huo huo Hoffmann na Moser walichapisha mpango wao wa kazi. Humo walisema kwamba watatumia mawe yasiyo ya bei kubwa kwa sababu rangi zake na aina zake nyingi zinafidia thamani ya almasi. Walisema wanaipenda fedha kwa mng'ao wa fedha na dhahabu kwa mng'ao wa dhahabu, na kwamba shaba kwa upande wa sanaa haipungukiwi na kitu mbele ya madini ya thamani. Tena wakadai kazi ya fundi ipimwe kwa kipimo kile kile cha kazi ya mchoraji na mchongaji. Kauli yao inayonukuliwa sana ni kwamba ni afadhali kutumia siku 10 kwa kitu kimoja kuliko kutoa vitu 10 kwa siku moja.

Kauli ya mawe naiona nzito kuliko hiyo ya siku 10. Ukisema mawe kama marijani na malakiti yanatosha, umehamisha thamani ya kito kutoka kwenye jiwe na kuiweka kwenye wazo na mkono. Na ukishaiweka hapo, huna budi kusema mkono huo ni wa nani.

Hapo ndipo walipofanya jambo ambalo mpaka leo vikundi vichache vimethubutu. Chukua bizimu moja, yaani pini ya pambo la kifuani, ya Hoffmann ya miaka ile. Ni mraba wa fedha wa kiasi cha sentimita tano kila upande, unakaa kifuani kama dirisha dogo. Ndani ya fremu kuna majani yaliyofuliwa kwa nyundo, yamejikunja, na katikati yake mawe ya mviringo yasiyokatwa pembe: marijani mekundu, malakiti ya kijani, lapisi lazuli ya buluu. Hayakupangwa kwa ukubwa. Yamekaa kama yaliyookotwa, ilhali ukiangalia kwa makini utaona kila rangi imepewa nafasi ya kupumua. Sasa geuza nyuma. Ukiacha muhuri wa serikali unaothibitisha ubora wa fedha, utakuta alama nne: ua la waridi lililosajiliwa kuwa nembo ya karakana, herufi mbili WW, herufi za mbunifu JH, na herufi za fundi aliyeifua. Ikiwa ni za Eugen Pflaumer, utaona EP.

Hoffmann alikuwa profesa, Pflaumer alikuwa sonara wa mezani. Herufi zao zimegongwa kwenye fedha ile ile, kwa ukubwa unaolingana. Karl Kallert, Alfred Mayer, Josef Hossfeld, Adolf Erbrich, Josef Husnik: hawa ni wafua fedha ambao tusingewajua kabisa kama wangefanya kazi katika duka la kawaida la Vienna. Leo majina yao yamo katika katalogi za makumbusho kwa sababu ya uamuzi uliofanywa siku za mwanzo kabisa, wakati karakana haikuwa na kitu cha kupoteza. Naamini hili lilikuwa tendo bora kuliko mchoro wowote waliouchora.

Vito vilikutana na nguo mapema. Mwaka 1904 Emilie Flöge na dada zake wawili, Helene na Pauline, walifungua nyumba yao ya mitindo barabara ya Mariahilfer Straße. Fenicha na mapambo ya duka yalibuniwa na Hoffmann na Moser na kutengenezwa na karakana. Emilie alikuwa mbunifu mwenye msimamo wake. Alishona magauni mapana yanayoning'inia kutoka mabegani, yasiyobana kiuno, katika mji ambao wanawake wa hadhi walikuwa bado wanakazwa mbavu kwa kamba. Mchoraji Gustav Klimt, rafiki yake wa maisha, alimpiga picha kwenye ziwa la Attersee mwaka 1906 akiwa amevaa magauni hayo.

Tazama jinsi nguo na kito vinavyohitajiana hapo. Gauni linalobana lina shingo, kiuno na kifua vilivyokwisha kuchorwa na fundi cherehani, kwa hiyo kito kinaongezwa juu kama chumvi. Gauni pana ni uwanja mtupu. Linaomba kitu kimoja kizito cha kulishika, mkufu mrefu au bizimu ya mraba. Emilie alivaa vito vya karakana juu ya nguo zake, na wateja waliokuja kupima gauni waliviona vikifanya kazi yake mahali pake. Hakuna tangazo lingeweza kuwafanyia hivyo.

Lakini duka la akina Flöge lilikuwa la akina Flöge. Karakana yenyewe ilichelewa kuingia kwenye nguo. Inasimuliwa kwamba Hoffmann alikerwa kuona mwanamke aliyejengewa nyumba ambamo kila kijiko kimebuniwa akishuka ngazi na gauni la Paris lisilopatana na ukuta. Iwe hivyo au sivyo, karibu na 1910 karakana ilikuwa na idara ya vitambaa, na kufikia 1911 ilikuwa na idara ya mavazi chini ya Eduard Josef Wimmer-Wisgrill. Mwaka huo huo wa 1911 Paul Poiret, mbunifu mashuhuri wa Paris, alizuru Vienna, akanunua vitambaa vyao, na aliporudi Ufaransa akaanzisha karakana yake ya mapambo, Atelier Martine.

Kitambaa kilibadilisha hesabu nzima. Ili kukielewa kisa hiki lazima tukae kidogo na namna kilivyotengenezwa. Kilipigwa chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa kwa mkono, kila rangi na kibao chake. Mchoro wa rangi nne unahitaji vibao vinne, na kila kibao lazima kitue mahali pale pale ambapo kilichotangulia kilitua. Kikisogea kidogo tu, ukingo wa jani unatoka nje ya jani. Mpiga chapa hodari huijua mita yake kwa mkono, huku akisikiliza mlio wa kibao kinapobandua rangi. Ni kazi ya ustadi, hakuna ubishi.

Hata hivyo vibao vikishachongwa vinatumika tena na tena. Bizimu ya Hoffmann inauzwa mara moja; mchoro wa kitambaa unauzwa kwa mita, leo na mwakani. Mchoro huo huo unaweza kuwa gauni, bitana ya mkoba, tai, mto wa kochi, kivuli cha taa. Mteja asiyeweza kununua kito cha fedha anaweza kununua mita mbili za kitambaa. Katika uhai wake karakana ilitoa michoro ya vitambaa zaidi ya 1,800 kutoka kwa wabunifu wapatao 80, na kitambaa kikawa tawi lililouzika kuliko mengi. Kwa maneno mengine, kitambaa kilivibeba vito vya fedha mgongoni.

Hapa ndipo ninapouona ufa ambao wachambuzi wengi wanaupita haraka. Zile alama nne hazikuhamia kwenye kitambaa. Kwenye ukingo wake lilichapwa jina la karakana. Mbunifu aliandikwa katika vitabu vya sampuli, na mchoro ukapewa jina, kama vile Apollo wa Hoffmann au Irland wa Maria Likarz. Mpiga chapa hakuandikwa. Kazi ya kuchapa ilipelekwa kwa kampuni za nje, kama ile ya Gustav Ziegler, na watu waliovishika vile vibao hatuna herufi zao popote. Kanuni waliyoiandika wenyewe, kwamba kazi ya fundi ipimwe sawa na ya msanii, iliishia mlangoni mwa chumba cha fedha.

Msomaji wa Pwani hatashangaa. Kunjua kanga ya Mombasa ya Kaderdina Hajee Essak, nayo utasoma ukingoni Mali ya Abdulla. Jina la duka lipo, methali ipo katikati, na aliyechora pindo na mji hayupo. Ni desturi ya biashara ya vitambaa duniani kote, na Vienna waliifuata bila kujiuliza, ingawa upande wa pili wa jengo lile lile walikuwa wanafanya kinyume chake.

Upande wa fedha taslimu mambo yalikuwa mabaya tangu mapema. Moser alijitoa mwaka 1907. Mke wake, Ditha, alitoka katika familia tajiri ya Mautner von Markhof, na Waerndorfer alimwendea kumwomba aisaidie karakana kwa fedha bila Moser kujua. Hilo likamuudhi. Mtu anaweza kusema Moser alikuwa na hasira za karibu, lakini mimi naona alikuwa na haki kabisa. Kikundi kinachoanza kukopa kwa wake na wazazi wa wanakikundi kwa siri kimeshakiri kwamba hakijui bei ya kazi yake.

Waerndorfer mwenyewe aliendelea kumimina mali yake humo hadi ikaisha, na mwaka 1914 akahamia Marekani. Karakana ikaundwa upya kuwa kampuni, na familia ya Primavesi, wenye benki kutoka Moravia, wakachukua nafasi ya mlipaji. Majina yalibadilika, mfumo ukabaki ule ule: mfadhili mmoja anaziba pengo kati ya gharama na mauzo. Wateja nao walikuwa duara dogo la familia zilizojuana, nyingi za Kiyahudi, zilizokuwa na viwanda na benki na zilizotaka kuishi tofauti na wazazi wao. Duara hilo lilikuwa na moyo mkubwa, ila lilikuwa dogo.

Kisha ikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na sehemu hii ndiyo hasa iliyonifanya nikipende kisa hiki.

Wanaume wengi waliitwa jeshini. Dagobert Peche, aliyejiunga mwaka 1915 na kuleta mistari laini na majani membamba pahali pa miraba ya Hoffmann, alisukuma pamoja na Hoffmann wazo la kuwa na chumba cha kazi kwa ajili ya wasanii chipukizi. Vijana waliotoka shuleni walipewa nafasi, vifaa na malighafi bure. Walijaribu walichotaka. Karakana ilikuwa na haki ya kununua kilichofaa. Wengi walioingia walikuwa wanawake: Maria Likarz, Mathilde Flögl, Felice Rix, Hilda Jesser, Fritzi Löw, Vally Wieselthier.

Hawa ndio waliofuta mipaka kati ya fani. Hoffmann aliweza kubuni kito na kitambaa, ila alivibuni kama msanifu anayetawala nyumba yote kutoka juu. Likarz na wenzake walifanya kutoka chini, wakiwa na sindano mkononi. Mtu mmoja alichora kitambaa asubuhi, akapaka enameli mchana, na jioni akakaa na karatasi ya miraba kupanga shanga za mkoba. Wieselthier alifinyanga vyungu, naye pia akabuni vitambaa. Mchoro ulisafiri kutoka ubao wa chapa hadi kwenye mkufu kwa sababu mwenye mchoro ndiye aliyesafiri.

Mkoba wa shanga unafaa kutazamwa kwa karibu. Unaanza na karatasi ya miraba, kila mraba shanga moja. Ukiwa unaufuma kwa kulabu, shanga zote hutungwa kwanza kwenye uzi, kwa mpangilio wa kinyume: itakayotumika mwisho ndiyo hutangulia kuingia. Kisha unafuma mzunguko baada ya mzunguko, ukisukuma shanga moja kwa kila kitanzi. Ukikosea shanga moja tu katika kutunga, kosa halikai mahali pake. Linasukuma kila kilichofuata, na pembetatu iliyokuwa inyooke inapinda. Hapo fundi ana njia mbili, kuivunja shanga yenyewe kwa koleo juu ya uzi bila kuukata uzi, au kufumua. Kwa sababu hiyo michoro ya Likarz na Flögl ya mikoba inapendeza mno kwangu: imejaa pembe na milia inayokatana, michoro isiyosamehe hata shanga moja.

Na shanga hizo zilikuwa na ndugu zao huku kwetu. Kitovu cha shanga ndogo za kioo za Ulaya ya Kati kilikuwa Gablonz, mji wa Bohemia ambao leo ni Jablonec katika Jamhuri ya Cheki, na ambao hadi 1918 ulikuwa ndani ya himaya ile ile ya Austria na Hungaria. Wafanyabiashara wa Gablonz walisafirisha shanga hadi Afrika Mashariki. Shanga za Kicheki mpaka leo ndizo wanawake wengi wa Kimaasai wa Kajiado, Narok na Arusha huzichagua kwanza kwa sababu zinalingana ukubwa na rangi yake haichuji. Ustadi wa kupanga pembe na rangi kwa shanga za mji ule haukuwa wa Vienna peke yake, na kwa uchangamfu wa rangi sidhani Vienna walitushinda.

Lakini rudi kwenye swali la jina. Nyuma ya mkoba wa shanga utakuta kijitambaa cha nembo ya karakana. Mbunifu mara nyingi anatambulika kwa michoro iliyohifadhiwa. Aliyetunga zile shanga elfu kadhaa hajulikani. Fundi wa fedha ana herufi zake, mwanamke wa shanga hana. Ukiniuliza kwa nini, sioni sababu ya kiufundi. Kuna nafasi ya kutosha ya herufi mbili kwenye kijitambaa. Fedha ilihesabiwa kuwa ufundi, na shanga zikahesabiwa kuwa kazi ya mikono ya wanawake, ile ambayo jamii imezoea kuipata bila kuiuliza jina.

Dharau hiyo ilikuja kusemwa waziwazi. Mwaka 1927 msanifu wa matangazo Julius Klinger aliibandika karakana jina la kejeli lililomaanisha sanaa za mikono za wanawake wa Vienna, akikusudia tusi. Mwaka huo huo Adolf Loos, msanifu majengo aliyekuwa adui wa nakshi kwa miaka mingi, alitoa mhadhara mkali dhidi ya karakana, na wanawake waliokuwa humo hawakusalimika. Loos alikuwa na hoja halali kuhusu vitu ghali visivyo na kazi. Alikosea vibaya alipowalenga wanawake wale, kwa sababu wao ndio walikuwa wanatengeneza bidhaa zilizouzika: vitambaa, mikoba, mikufu ya shanga, vyungu. Kama karakana ilikuwa inazama, haikuwa kwa uzito wao.

Ilikuwa inazama kweli. Himaya ilivunjika mwaka 1918, na soko la watu zaidi ya milioni 50 likawa nchi ya milioni sita na kitu. Mfumuko wa bei wa mwanzo wa miaka ya 1920 ulikula akiba za wateja wale wale waliokuwa wakinunua. Sarafu ya shilingi ilipoletwa 1925, shilingi moja ilibadilishwa kwa krone 10,000 za sarafu ya zamani. Katikati ya hali hiyo karakana ilipanuka. Ilikuwa imefungua tawi Zürich mwaka 1917, na mwaka 1922 ikafungua duka la fahari New York, barabara ya Fifth Avenue, chini ya Joseph Urban, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mbunifu wa majukwaa huko. Duka halikudumu. Peche alifariki 1923 akiwa na miaka 36 tu. Mwaka 1926 karakana ilinusurika kufilisika kwa kupatana na wadai wake. Mwaka 1928 ikaadhimisha miaka 25 kwa kitabu ambacho jalada lake lilifinyangwa na Wieselthier na Gudrun Baudisch likainuka kama ukuta wa nakshi, na kurasa zake zikapangwa na Flögl. Mwaka 1932 ikafungwa, na bidhaa zilizobaki zikauzwa kwa mnada.

Maelezo ya kawaida ya anguko hili ni mawili: kwamba vita na uchumi viliiua, au kwamba ubora wa namna ile hauwezi kulipa. Yote mawili yana ukweli, ila hayanitoshi. Ashbee alianguka kabla ya vita, na Waerndorfer alifilisika kabla ya mfumuko wa bei. Na ubora uliweza kulipa, kwa kuwa kitambaa kilikuwa bora na kiliuzika. Ninavyoona mimi, tatizo lilikuwa kwamba hawakukubali kamwe kuwa wana biashara mbili ndani ya nyumba moja. Moja ni ya kitu kimoja kwa mteja mmoja, ambayo bei yake ni saa za fundi. Ya pili ni ya mchoro unaorudiwa, ambayo bei yake imo katika haki ya mchoro na wingi wa mita. Ya kwanza inahitaji oda kabla ya kazi na malipo ya awali. Ya pili inahitaji mauzo nje ya mji na mkataba wa mrabaha kwa mbunifu. Wao walizichanganya kwenye kapu moja, wakaipa heshima ile inayokula fedha na kuiona ndogo ile inayoingiza.

Hesabu ikikaa hivyo, jina nalo linafuata. Mwenye kuingiza fedha asiyetambuliwa hana nguvu ya kudai tawi lake liongezewe mtaji. Wapiga chapa na watunga shanga hawakuwa na alama, kwa hiyo hawakuwa na kiti mezani wakati wa kuamua kama ifunguliwe New York au waongezwe mafundi wa vibao. Kikundi cha leo chenye sonara wa shaba, mchapaji wa batiki na mshonaji wa ngozi kinaweza kulitatua hili kwa karatasi moja kabla ya kukata kipande cha kwanza: nani anamiliki mchoro ukihama kutoka kitambaa kwenda kwenye bangili, nani analipwa kwa saa na nani kwa kila kinachouzwa, na majina gani yataandikwa ndani ya mkoba. Mkoba una bitana pana ya kutosha kubeba majina matatu.

Walioachwa na karakana walitawanyika. Felice Rix alikuwa ameolewa na msanifu wa Kijapani Isaburo Ueno, akaenda Kyoto, akafundisha huko na kuchora hadi alipofariki 1967. Wieselthier alihamia Marekani. Likarz, ambaye mume wake alikuwa Myahudi, aliikimbia Austria mwaka 1938 akaishi Italia. Mwaka huo huo nyumba ya mitindo ya akina Flöge ilifungwa. Utawala wa Wanazi ulikuwa umewafukuza na kuwanyang'anya wateja wake.

Hifadhi ya karakana, michoro na sampuli za vitambaa kwa maelfu, iliingia makumbusho ya MAK ya Vienna mwaka 1955. Watafiti wa makumbusho hayo walipoandaa maonyesho ya 2020 na 2021 kuhusu wanawake wa karakana, walipekua makaratasi hayo na kupata majina ya wabunifu wa kike wapatao 180, wengi wao hawajawahi kutajwa kabla. Walipatikana kwa sababu majina yao yalibaki kwenye makaratasi. Waliozishona shanga na kuvipiga vibao hawakuachiwa karatasi ya kuandika.